Mapambo ya msimu nyumbani: donge la chumvi, donge la wanga au karatasi za gundi?

Likizo ikikaribia, au mvua ikiwafungia watoto ndani wiki nzima, kuna michanganyiko mitatu inayoweza kugeuzwa nyota, majani, vinyago, taa na alama za viganja: donge la unga na chumvi, donge la wanga na bekingi soda, na vipande vya karatasi vilivyolowekwa kwenye gundi. Yote mitatu ni rahisi kuandaa, kwa hiyo watu wengi huchagua kwa kutazama picha ya pambo lililokwisha kukamilika. Picha hiyo haikuambii pambo lilikauka siku ngapi, wala hewa ya huko ilikuwa kavu kiasi gani.

Kuchanganya na kuumba huchukua chini ya saa moja. Kinachoamua kama pambo litaifikia siku ya sherehe likiwa zima ni namna maji yanavyotoka ndani yake. Nyufa, malengelenge, kupinda, kuvu, rangi kubanduka: karibu kila hitilafu hapa inatokana na maji yaliyotoka haraka mno, yaliyochelewa kutoka, au yaliyotoka upande mmoja kabla ya mwingine. Kabla ya kuchagua, basi, jiulize hewa ya msimu huu ikoje, zimebaki siku ngapi, na nani hasa atakayeumba.

Kikombe kinachotajwa humu ni cha mililita 250.

| | Donge la chumvi | Donge la wanga | Karatasi za gundi |
|---|---|---|---|
| Viungo | Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji ¾ hadi 1 | Wanga wa mahindi kikombe 1, bekingi soda vikombe 2, maji 1¼ | Magazeti, gundi nyeupe au uji wa unga, puto au bakuli la kufinyangia |
| Moto | Oveni inasaidia, si lazima | Jiko ni lazima | Hakuna, ukitumia gundi nyeupe |
| Kukauka | Saa 2–3 kwa 100°C, au siku 2–4 hewani | Saa 24–48 hewani | Saa 24 kwa kila matabaka 2 |
| Umri | Kuanzia miaka 2, kwa uangalizi | Kuanzia miaka 4 au 5 | Kuanzia miaka 6 |
| Adui mkuu | Unyevu wa hewa | Kuanguka | Kuvu |

Donge la chumvi

Hili ndilo la kuanzia kwa nyumba yenye watoto wadogo. Halihitaji jiko wakati wa kuchanganya, ni baridi mkononi, na likiharibika unalikunja na kuanza upya.

Chumvi iwe laini, ya mezani. Mililita 100 za maji huyeyusha gramu 36 hivi tu za chumvi, na kikombe kimoja cha chumvi kina karibu gramu 300, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki punje ndani ya donge. Punje zikiwa kubwa, uso wa pambo huwa na vishimo, na alama ya kiganja hupoteza mistari yake. Unga nao uwe wa kawaida. Ule unaouzwa ukiwa umechanganywa na bekingi pauda tayari utaumuka ndani ya oveni, na nyota yako itatoka imevimba tumbo.

Changanya vitu vikavu kwanza, kisha tia maji robo tatu ya kikombe. Yanayobaki yaongezwe kijiko kimoja kimoja, maana unga haunywi maji sawasawa siku zote. Kanda dakika 8 hadi 10. Mtoto atachoka katikati, na mtu mzima amalizie. Donge lililokandwa nusunusu hupasuka kingo mara tu linaposukumwa. Bonyeza kwa kidole: shimo likibaki na kidole kikatoka safi, limefika. Lifunike dakika 20 kabla ya kulisukuma. Gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika kama mpira, huwa imekaza baada ya kukandwa, na chumvi huikaza zaidi, kwa hiyo ukilisukuma papo hapo linajirudi na maumbo yanatoka yamefinyaa.

Unene uwe milimita 5 hadi 7, na uwe sawa kila mahali. Njia nyepesi ni kuweka penseli mbili sambamba, moja kila upande wa donge, na kupitisha kifimbo cha kusukumia juu yake. Pembe nyembamba na tumbo nene ndiyo sababu kubwa ya kupinda: pembe hukauka, hunywea, na kuvuta sehemu ambayo bado ina maji.

Toboa tundu la uzi kwa mrija, sentimita 1 kutoka ukingoni, kabla ya kukausha. Ukisahau, usijaribu kutoboa pambo likishakauka. Gundisha kitanzi cha uzi nyuma yake na uendelee na shughuli.

Oveni iwe 100°C, si zaidi ya 120°C. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: moto ukizidi, maji ya ndani hugeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, na uso unainuka malengelenge. Ukiyaona yanaanza, punguza moto, yabonyeze taratibu kwa mgongo wa kijiko pambo likiwa bado laini, kisha geuza. Pambo la milimita 5 huchukua saa 2 hadi 3, na ligeuzwe katikati ya muda huo. Alama ya kiganja yenye unene wa sentimita 1 inaweza kufika saa 4 au zaidi. Bila oveni, weka juu ya wavu ili hewa ipite chini, geuza mara mbili kwa siku, na usianze kwa jua kali.

Sasa udhaifu wake. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75 huanza kuyeyuka yenyewe. Pambo lililokuwa gumu wakati wa ukavu huwa na jasho wakati wa mvua, kisha hulainika na kudondoka kwenye uzi wake. Vanishi inazuia hilo ikiwa imepakwa kote: mbele, nyuma, ukingoni na ndani ya tundu, mara mbili, na kila mara ikiachwa ikauke kabisa. Ukipaka mbele tu, kwa ajili ya kung'aa, pambo litaendelea kunywa unyevu kupitia mgongoni.

Rangi za akriliki zinafaa kuliko rangi za maji. Brashi yenye maji mengi huyeyusha chumvi ya juu, rangi hutambaa, na ikikauka hubaki ukoko mweupe. Kama watoto wana rangi za maji tu, paka gundi nyeupe kwanza, iache ikauke, halafu wachore juu yake.

Angalizo moja si la kupuuza. Donge hili lina chumvi nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto mdogo au mbwa akimeza kipande. Mtoto wa miaka miwili huonja, hukunja uso na kutema. Mbwa huweza kula lote. Mapambo yatundikwe juu asikofika, na mabaki yasiachwe mezani. Mwenye kidonda au ngozi iliyopasuka mkononi naye atasikia mwasho, kwa hiyo mpe kazi ya kukata au kupaka rangi.

Donge la wanga

Ukitaka pambo jeupe, laini, linaloonyesha hadi mishipa ya jani, hakuna ubishi: chukua hili. Jani bichi likiwekwa upande wenye mishipa, likapitiwa na kifimbo mara moja na kubanduliwa, huacha alama safi ambayo donge la chumvi haliwezi kuifikia kwa sababu ya punje zake. Pia halina ngano, jambo la maana kwa familia yenye mtu asiyepatana na gluteni.

Bei yake ni jiko. Wanga lazima uive, na mtu mzima lazima awepo.

Viungo viwili hudhaniwa kimakosa kuwa vingine mara nyingi. Wanga wa mahindi ni ule mweupe laini unaouzwa pia kwa jina la konflawa. Unga wa mahindi wa kawaida una chenga na hautashikana. Na bekingi soda si bekingi pauda. Bekingi pauda ina asidi ndani yake, hivyo ikikutana na maji na moto hutoa povu, na unachopata ni kitu chenye mashimo ya hewa kisichokauka vizuri. Magadi ya mawe nayo si mbadala, kwani ni makali zaidi kwenye ngozi. Jua pia kwamba vikombe 2 vya bekingi soda ni karibu nusu kilo. Pakiti moja ndogo ya jikoni haitoshi, na watu hugundua hilo sufuria ikiwa tayari mezani.

Koroga wanga na bekingi soda kwenye maji baridi hadi pasiwe na madonge, ndipo uwashe moto wa wastani. Koroga bila kuacha, ukikwangua chini. Kwa dakika kadhaa utadhani hakuna kinachotokea, kisha ghafla, kati ya dakika ya 5 na ya 10, mchanganyiko huanza kushika. Ukiacha kuta za sufuria, ukawa mzito na kupoteza mng'ao, epua mara moja. Dakika moja ya ziada ina madhara: maji yakipungua mno jikoni, donge huwa kavu, hubomoka mkononi, na kila umbo hupasuka. Likiwa bado linanata baada ya kupoa, halikuiva, na unaweza kulirudisha motoni kwa muda mfupi.

Lifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kwa nusu saa hivi. Uso ukiachwa wazi hufanya gamba, na gamba hilo likikandwa hugeuka vipande vigumu ambavyo haviyeyuki tena. Nusu saa hiyo ni ndefu kwa mtoto. Watumeni nje wakaokote majani, maua makavu na mbegu za kubonyezea. Likipoa, kanda dakika 2 au 3, ukinyunyiza wanga kidogo mezani kama linashika. Sukuma kati ya karatasi mbili za kuokea hadi milimita 5.

Kukauka kwake kunataka utulivu. Siku ya kwanza liwe kivulini, mbali na feni na dirisha lenye upepo, na geuza kila baada ya saa 6 hadi 8. Upepo hukausha ngozi ya juu wakati tumbo bado lina maji. Ngozi inanywea, tumbo halinywei, na ufa unapita katikati. Ukitumia oveni, usivuke 80°C, kwa saa moja hivi, ukigeuza kila dakika 20. Bekingi soda huvunjika na kutoa hewa ya ukaa kadiri joto linavyopanda, na hapo weupe nao huanza kufifia kuelekea unjano.

Nyufa ndogo zinazibika. Chukua kipande cha donge lilelile, kilainishe kwa matone ya maji hadi kiwe rojo, jaza kwa kidole, acha likauke, kisha sugua kwa msasa laini. Msasa hutoa vumbi, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike nje na mtu mzima.

Baada ya hayo yote, bado ni pambo linalovunjika. Nyota yenye miguu myembamba itapoteza mguu mmoja ikigusa sakafu. Chagua maumbo yaliyojaa: duara, moyo, jani pana. Kwa nyumba yenye sakafu ya saruji na mtoto wa miaka mitatu, uzuri wake hautadumu sana.

Karatasi za gundi

Mawili yaliyotangulia ni kwa vitu bapa. Ukitaka kitu chenye uwazi ndani, yaani kinyago, bakuli, taa au kichwa cha mnyama, karatasi ndiyo njia, na ndiyo pekee kati ya tatu inayostahimili kuanguka. Inakula siku nyingi, jambo ambalo kwa likizo ndefu ni faida: kila siku kuna kazi ya nusu saa, na watoto wanarudi kwenye kitu kilekile.

Tumia gazeti. Karatasi ya jarida linalong'aa imepakwa utando unaozuia gundi kuingia. Chana kwa mkono vipande vya upana wa sentimita 2 hadi 3. Usikate kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi nyembamba zinazolala na kupotea ndani ya tabaka linalofuata, ilhali ukingo wa mkasi huonekana hata chini ya rangi. Chana kwa kufuata urefu wa gazeti, ambako hupasuka karibu moja kwa moja. Upande wa pili karatasi hukwenda inakotaka.

Gundi nyeupe huchanganywa sehemu 2 kwa sehemu 1 ya maji. Uji wa unga ni rahisi zaidi kwa mfuko: koroga nusu kikombe cha unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi, mimina ndani ya vikombe 2 vya maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika 2 au 3, acha upoe. Unashika vizuri sana. Tatizo ni kwamba ni chakula, na kuvu hulijua hilo. Wakati wa ukavu, uji wa unga unatosha. Wakati wa mvua, pambo likichukua siku mbili kukauka tabaka moja, vidoa vya kijivu huanza ndani, usikoona. Kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kiasi hicho cha uji hupunguza hatari, lakini kwa msimu wa unyevu ni bora kutumia gundi nyeupe tu.

Puto lisijazwe hadi likaze, na tabaka la kwanza lilowekwe kwa maji matupu ili lising'ang'anie mpira. Kisha chovya kila kipande, kipitishe kati ya vidole viwili kuondoa gundi ya ziada, ukilaze kikiwa kimepanda juu ya jirani yake nusu upana. Gundi inayochuruzika haiongezi uimara, inaongeza siku za kukauka. Weka matabaka 2, acha saa 24, weka 2 mengine. Jumla ya 4 inatosha kinyago. Kitu kitakachochezewa kiwe na 6. Ukitumia kurasa nyeupe kwa tabaka moja na zenye picha za rangi kwa linalofuata, mtoto ataona mwenyewe palipobaki wazi.

Puto lisihamishwe kutoka kivulini kwenda juani, wala kutoka jikoni kwenye joto kwenda chumba cha baridi usiku. Hewa ya ndani hutanuka na kunywea, na karatasi mbichi hufuata; asubuhi unakuta kichwa kina bonde ubavuni. Vipande vya puto lililopasuka vikusanywe papo hapo, na watoto walio chini ya miaka 8 wasiachwe peke yao na puto, kwa kuwa mpira huo huziba koo.

Kwa taa, acha gazeti na tumia karatasi nyembamba za rangi, matabaka 3 au 4, kwa gundi nyeupe. Ndani iwekwe taa ndogo ya betri. Mshumaa usiingie humo hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Utajuaje limekauka

Macho hudanganya kwa yote matatu. Ligusishe shavuni: sehemu ambayo bado ina maji huhisi baridi, kwa sababu maji yanapotoka huchukua joto. Kipimo cha uhakika zaidi ni mizani ya jikoni. Pima pambo, pima tena baada ya saa 4. Uzito ukiwa umepungua, bado. Rangi na vanishi zikipakwa juu ya pambo bichi hufungia maji ndani, na huo ndio mwanzo wa kuvu na rangi inayobanduka kwa magamba.

Basi uchague lipi

Zikiwa zimebaki siku 2 na oveni ipo, donge la chumvi peke yake ndilo litakalowahi kupakwa rangi na vanishi. Siku 3 au 4 zinatosha donge la wanga, ila usipange kulikausha kwa oveni kama njia ya kawaida. Iweke kama akiba. Karatasi inataka wiki nzima. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, zidisha mara mbili muda wa kukausha hewani. Kama umebakiwa na jioni moja tu, achana na yote matatu na mtengeneze minyororo ya karatasi za rangi, ambayo haina cha kusubiri.

Watoto wa umri tofauti wakiwa meza moja, usiwagawie michanganyiko mitatu. Utatumia jioni nzima ukiosha vyombo. Donge la chumvi linawabeba wote: wa miaka miwili anabonyeza kiganja, wa miaka mitano anakata maumbo, wa miaka kumi anasuka kamba tatu za donge kuwa duara la kutundika mlangoni. Kama wote wamepita miaka saba na likizo ni ndefu, karatasi inawapa zaidi. Kwa zawadi ya kumpa mtu mzima, donge la wanga halina mshindani.

Kuhusu kuweka hadi msimu ujao: funga kila kipande kwa karatasi laini, si mfuko wa plastiki, ambao hufungia unyevu. Weka kwenye boksi kavu pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mbali na mikono ya watoto. Vya wanga vipangwe bapa, safu moja, visilaliane. Vilivyofanywa kwa uji wa unga viwe kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana, kwa sababu panya na mende wataufuata unga hata chini ya rangi.